Uso na Kanzu: Mapana ya Mwanga katika Filamu na katika Kamera za Dijitali

Kila chombo cha kutazamia kina mipaka yake. Mtu aliyeketi ndani ya ukumbi wa nyumba ya mawe saa sita ya mchana huona mkeka uliokunjwa pembeni, na akigeuza uso mlangoni huona papo hapo ukuta wa jirani uliopakwa chokaa, nao umepigwa na jua sawasawa. Hajui kwamba macho yake yamefanya kazi kubwa. Kati ya giza la pembe ile na weupe wa ukuta ule mwanga hutofautiana mara elfu nyingi, na kamera ikiwekwa mahali pale pale yalazimika kuchagua. Ama mkeka uonekane na ukuta upotee katika weupe mtupu, ama ukuta uonekane na mkeka uzame gizani.

Nafasi hiyo, tangu weusi wa mwisho ambao chombo chaweza kuubainisha hata weupe wa mwisho kinaoweza kuustahimili, nitaiita katika insha hii mapana ya mwanga. Nimepata kuona mahali pengine ikiitwa kwa maneno yenye maana ya masafa yabadilikayo, nami siyapendi, kwa kuwa ni tafsiri ya neno kwa neno, na katika jambo lenyewe hapana kibadilikacho ila mwanga. Kipimo cha mapana hayo ni daraja, ambalo wapiga picha wetu huliita stopu. Kila daraja ni maradufu ya mwanga wa daraja lililo chini yake. Basi madaraja 7 ni tofauti ya mara 128. Madaraja 10 ni mara 1,024. Na madaraja 14 ni mara 16,384. Msomaji asiyependa hesabu na akumbuke hili tu, kwamba kupanda kwa daraja moja si kuongeza kidogo bali ni kuzidisha kwa mbili.

Tangu kamera za dijitali zilipoenea watu wamebishana sana kama filamu ina mapana makubwa kuliko dijitali au dijitali imeishinda filamu. Mabishano hayo aghalabu huishia katika tarakimu. Nia yangu si kuyadharau, maana tarakimu zina haki yake, nazo nitazitaja. Lakini naona historia yenyewe yauliza swali jingine: chombo hushindwa upande gani, na ni nani aliyekuwa amesimama upande huo wakati picha ilipopigwa?

Shida ni ya zamani karibu sawa na sanaa yenyewe. Katika miaka ya 1850 wapiga picha wa Ulaya walitumia vioo vilivyopakwa kolodiani mbichi, njia iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka wa 1851. Dawa hiyo iliona vema rangi ya buluu, lakini rangi nyekundu na kijani karibu haikuziona kabisa. Matokeo yake ni kwamba mbingu, iliyojaa buluu, ilichoma kioo kabla ya nchi kuonekana, na picha nyingi za wakati ule zina mbingu tupu kama karatasi isiyoandikwa. Mfaransa Gustave Le Gray, aliyesomea uchoraji kabla ya kuingia katika upigaji picha, alitaka bahari na mawingu kwa pamoja. Katika picha zake za bahari za mwaka wa 1856 na 1857, zilizopigwa Normandy na pwani ya kusini ya Ufaransa, baadhi zilifanywa kwa vioo viwili: kimoja kilipigwa kwa muda wa kutosha maji, kingine kwa muda mfupi wa kutosha mawingu, kisha vyote viwili vikaunganishwa juu ya karatasi moja penye mstari wa upeo wa macho. Wachunguzi wamegundua kwamba mawingu yale yale yaonekana juu ya bahari zaidi ya moja. Watu waliozinunua kwa bei kubwa hawakulalamika. (Le Gray alikimbia madeni, akaondoka Paris mwaka wa 1860, akaishia kufundisha uchoraji Misri, alifariki Cairo mwaka wa 1884.)

Kwa hiyo yule asemaye kwamba kuunganisha picha mbili ni hila ya siku za kompyuta hajui asili ya jambo analolisema.

Le Gray alifanya kazi kwa jicho na mazoea. Waliotia shida hiyo katika kanuni walikuwa watu wawili wa Widnes, mji wa viwanda vya kemikali kaskazini-magharibi ya Uingereza. Dr. Ferdinand Hurter alikuwa mkemia aliyezaliwa Uswisi. Mwenziwe, Vero Charles Driffield, alikuwa mhandisi, na kupiga picha kulikuwa burudani yake. Driffield ndiye aliyemvuta Hurter katika mchezo huo, na Hurter, kwa kuwa alikuwa mwanasayansi, hakuvumilia kuona kazi iendeshwe kwa kubahatisha. Walichukua miaka mingi kupima, na mwaka wa 1890 wakatangaza matokeo yao.

Walilolionyesha laweza kuelezwa hivi. Chukua filamu au kioo, uwashie mwanga kidogo sana, kisha maradufu, kisha maradufu ya hapo, ukienda hivyo daraja baada ya daraja. Kisafishe kwa dawa, halafu upime weusi uliotokea kila mahali. Ukichora vipimo hivyo hupati mstari ulionyoka bali mstari wenye umbo la herufi S iliyolazwa. Mwanzoni mstari hutambaa chini, kwa maana mwanga ni haba mno na hauachi alama. Pale pana unyayo wa mstari. Kisha hupanda kwa unyofu, na hapo kila daraja la mwanga hupata haki yake sawa na jingine. Mwishoni huanza kuinama tena, na kila mwanga unaoongezeka huongeza weusi mdogo zaidi kuliko uliotangulia. Pale ni bega.

Unyayo na bega zina sababu yake katika maumbile ya filamu. Filamu imejaa chembe za chumvi ya fedha, kubwa na ndogo. Chembe moja haigeuki kwa kuguswa na mwanga mara moja tu. Yahitaji kupigwa mara kadhaa ndipo ishike alama itakayoonekana baada ya kusafishwa. Ndiyo sababu giza likizidi, filamu huwa kama haikuona kitu. Upande wa juu mambo ni kinyume. Chembe kubwa hugeuka kwanza, ndogo hufuata, na kadiri mwanga uzidivyo ndivyo chembe zilizobaki zinavyopungua. Lakini huendelea kubaki chache, na hizo chache huendelea kupokea. Kwa hiyo filamu ya negativu haifungi mlango kwa kishindo mbele ya mwanga mkali. Huurudisha polepole mpaka unaingia ufa mwembamba. Mafundi wakatoa humo amri yao iliyotawala vyumba vya giza kwa miaka mingi: pima mwanga kwa ajili ya vivuli, safisha kwa ajili ya weupe.

Juu ya hayo yote pana karatasi, na hapa wengi wanaobishana juu ya filamu hukosea. Negativu nzuri ya rangi hupokea takriban madaraja 13. Filamu za slaidi zilipokea nusu ya hayo tu, au pungufu. Lakini picha iliyo mkononi ni karatasi, na karatasi iliyo bora yenye kung'aa, weupe wake hauuzidi weusi wake ila kwa mara 100 au 200 hivi, yaani madaraja 7 na kidogo. Kwa hiyo kila picha iliyopata kuchapwa kutoka negativu ni sehemu ya kile ambacho negativu ilikiona. Mtu fulani, katika chumba chenye taa nyekundu, aliamua ni sehemu ipi.

Hapana aliyeufahamu uamuzi huo kuliko Mmarekani Ansel Adams. Yeye na Fred Archer, walipokuwa wakifundisha Los Angeles karibu na mwaka wa 1940, waligawa mwanga wa dunia katika kanda zilizohesabiwa kutoka sifuri, weusi mtupu, hata kumi, weupe mtupu; ya tano ikawa katikati. Mpiga picha hutazama kitu, huamua kitaangukia kanda gani, kisha hupima muda na kusafisha kwa kufuata uamuzi wake. Tarehe 1 Novemba 1941, Adams alipita kijiji cha Hernandez katika New Mexico jua likizama, akaona mwezi umepanda juu ya makaburi yenye misalaba myeupe. Hakuipata mita yake ya mwanga. Akakumbuka kwamba mng'ao wa mwezi alikuwa akiujua kwa hesabu, mishumaa 250 kwa futi ya mraba. Akauweka mwezi katika kanda ya saba, akafungua kamera kwa muda wa sekunde moja hivi. Kabla hajapiga ya pili mwanga ulikuwa umeondoka juu ya misalaba. Picha hiyo yasifiwa duniani kote, lakini mwezi ulipata haki yake kwa gharama ya nchi iliyo chini, iliyotoka hafifu katika negativu hata mwaka wa 1948 Adams akaitia dawa ya kuikoleza sehemu ya chini. Naye kila alipoichapa aliifinyanga upya kwa mikono, akizuia mwanga huku na kuuongeza kule. Alikuwa amesomea piano ujanani, naye alipenda kuifananisha negativu na muziki ulioandikwa, na uchapaji na kupigwa kwake.

Sasa tuitazame dijitali. Mwaka wa 1969 Willard Boyle na George Smith wa maabara ya Bell, Marekani, walibuni kihisi cha silikoni ambacho kiliwapatia tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2009. Mwaka wa 1975 Steven Sasson wa Kodak alikitumia kihisi cha namna hiyo kutengeneza kamera iliyoshika nukta 10,000 tu, na kuandika picha moja katika kaseti kulichukua sekunde 23.

Kihisi hakina chembe za fedha. Kina safu za vijisima vidogo mno, na mwanga ukiingia katika kisima hugeuka elektroni, moja kwa moja, pasipo unyayo wala bega. Mwanga ukiwa maradufu elektroni huwa maradufu. Ukiwa mara nne, mara nne. Usawa huu ni mwema mpaka kisima kijae. Kikijaa hakina ufa wa kupokelea kilichozidi. Weupe hukatika kama kamba, na kilichokuwa humo, wingu au mkunjo wa nguo, hakirejei kwa dawa wala kwa hesabu. Kwa upande wa chini adui wa kihisi ni chengachenga, yaani makosa madogo yanayotokea katika kuhesabu elektroni. Tuseme kisima hubeba elektroni 50,000 na kosa la kuhesabu ni elektroni 3: gawanya, utapata 16,667 hivi, ambayo ni madaraja 14. Hayo ndiyo mapana ya kamera nzuri za siku hizi, nayo yamepita negativu nyingi. Kamera za miaka ya 1990 hazikufika huko, na waliozitumia walizoea kuzipimia mwanga kwa hadhari kama wapimiavyo slaidi.

Basi twaona kwamba vyombo hivi viwili havikuachana kwa wingi wa madaraja tu, bali vimeelekeana migongo. Filamu ya negativu ni karimu kwa weupe na bahili kwa giza. Dijitali ni karimu kwa giza, maana picha iliyopigwa gizani huweza kuinuliwa madaraja matatu manne na uso ukatokea. Lakini kwa weupe haina huruma. Amri ya mafundi wa kale imepinduka: mwenye dijitali hulinda weupe kwanza, na vivuli huviinua baadaye.

Jambo hili si dogo kwetu sisi, kwa kuwa waliosimama kivulini mwa filamu walikuwa watu. Uso mweusi hurudisha mwanga mchache kuliko uso mweupe, basi katika picha moja huangukia madaraja ya chini, karibu na unyayo. Peke yake hilo lingekuwa jambo la maumbile, lenye dawa nyepesi: ongeza mwanga. Lakini filamu za rangi na mitambo ya kuchapa ilipata kurekebishwa kwa kadi za kipimo zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, ambazo mafundi waliziita Shirley, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi. Lorna Roth, mtaalamu wa Montréal aliyeichunguza habari hii na kuichapisha mwaka wa 2009, aliambiwa na watu waliofanya kazi Kodak kwamba malalamiko yaliyosukuma kampuni itengeneze filamu zenye kubainisha vema rangi za udongo na kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa samani, waliotaka mbao zao zipambanuke, na kwa watengenezaji wa chokoleti. Wazazi waliopokea picha za shule zenye mtoto mmoja mweupe aliye wazi na mwenziwe mweusi aliyebaki meno na macho hawakuwa wateja wa kutosha. Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara chokoleti ndiyo inayonikwama.

Ndiyo maana Jean-Luc Godard, alipoalikwa Msumbiji katika miaka ya 1977 na 1978 kushauri juu ya kuanzisha televisheni ya taifa lililokuwa limejipatia uhuru juzi tu, alizikataa filamu za Kodak, akizishutumu kuwa za kibaguzi. Wako waliomcheka, wakisema dawa ya fedha haina siasa. Kweli, dawa haina. Lakini mapana yakiwa haba, kila kinachowekwa katikati humsukuma mwingine pembeni, na kuweka katikati ni kazi ya mtu.

Je, madaraja 14 yameimaliza dhulma hiyo? Yameipunguza, sina shaka. Hata hivyo kihisi hakitupi picha. Hutupa hesabu, na hesabu hizo hubanwa zikapate kuingia katika kioo cha simu au karatasi, ambavyo mapana yake bado ni madogo. Mwaka wa 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walionyesha njia ya kuunganisha picha nyingi za kitu kimoja kwa kompyuta. Mfano wao maarufu ni kanisa la Chuo Kikuu cha Stanford, lililopigwa picha 16, ya kwanza kwa sekunde 30 na ya mwisho kwa sehemu ya elfu ya sekunde, hata mwanga wa jua nyuma ya vioo vya rangi na giza la dari vikawa katika hesabu moja yenye tofauti ya zaidi ya mara 250,000. Lafaa kukumbukwa kwamba picha hizo zilipigwa kwa filamu. Simu zilizofuata zikaifanya kazi hiyo peke yake kwa kupepesa: hupiga picha kadhaa, huziunganisha, na mwenye simu hana habari. Ni vioo viwili vya Le Gray, ila Le Gray alijua alichokifanya. Katika simu uamuzi wa kipi kiinuliwe na kipi kishushwe umekwisha kufanywa mbali, na watu tusiowajua. Mwaka wa 2021 Google ilitangaza kwamba imezirekebisha kamera za simu zake zizionyeshe ngozi nyeusi kwa uaminifu zaidi. Tangazo lenyewe ni ushahidi kwamba kabla ya hapo kipimo kilikuwa kingali cha mtu mwingine.

Nimefika katika jambo lililonifanya niandike. Nyumbani kwetu pana picha ya walimu tisa wamesimama mbele ya ukuta mweupe, na nyuma yake pameandikwa 1961. Wamevaa kanzu. Kanzu zile zaonekana kwa uzuri wa ajabu, kila mkunjo na kila kishono cha shingoni. Lakini juu ya kanzu pana mayai tisa meusi. Marehemu bibi yangu alituonyesha babu kwa bega lake lililoinama kidogo, na sisi wajukuu tukakua tukimjua babu kwa bega. Miaka michache iliyopita, katika bahasha iliyokuwa chini ya sanduku lake, nilikuta negativu za siku ile. Niliiweka ile ya walimu tisa juu ya mashine ya kunakilia negativu, nikazivuta hesabu za vivuli juu, na watu tisa wakanitazama. Babu ana kovu katika nyusi ya kushoto. Hapana mtu katika nyumba yetu aliyekuwa amenitajia kovu.

Simlaumu aliyechapa picha ile. Nyuso zilikuwa ndani ya negativu, hafifu, karibu na unyayo lakini si chini yake. Yeye alikuwa na madaraja saba ya karatasi, wateja wanaongoja, na labda aliambiwa kanzu zitoke vizuri. Alifanya uchaguzi, na kanzu zikashinda. Ninaowauliza ni wenzangu wanaotunza kumbukumbu. Nimeona mradi mmoja ambapo picha za karatasi za zamani zilinakiliwa kwa dijitali kwa uangalifu mkubwa, kila moja ikapewa namba, na negativu zake zikatupwa kwa sababu zilikuwa na vumbi na hazikusomeka kwa macho. Kunakili karatasi kwa mashine yenye madaraja 14 ni kunakili uamuzi wa mchapaji wa mwaka 1961, wala si kuyanakili yale yaliyokuwa mbele ya kamera. Giza lililokwisha kuwa wino mweusi juu ya karatasi halina uso ndani yake hata ukiliinua namna gani.

Tena muda ni mchache. Filamu nyingi za kipindi kile ziliundwa kwa asetati, ambayo katika joto na unyevu wa pwani huoza, ikatoa harufu ya siki na kujikunja. Bahasha ya bibi ilikuwa na negativu tano. Tatu nimezinakili. Mbili zilikuwa zimekwisha gandamana na kunuka siki. Nilipojaribu kuzitenganisha, tabaka la picha lilibanduka pamoja na kidole changu.